Siku Saba Hazifungi Hesabu

(Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni)



Ukienda Kariakoo kununua pasi, muuzaji huichomeka kwenye umeme mbele yako. Mnasubiri dakika mbili tatu, anaigusa kwa kidole kilicholowa, inachachatika, basi mmemalizana. Redio hufunguliwa ikaimba. Viatu vya mtumba utavivaa na kutembea hatua tano juu ya gunia huku mwenye viatu akikusifia mguu. Hakuna anayeuliza kipindi cha majaribio ni cha muda gani, kwa sababu kila bidhaa ina muda wake na nyote wawili mnaujua. Dakika mbili zinatosha kuijua pasi. Kiatu kinachobana hujisema chenyewe.

Programu ya kompyuta haijisemi upesi namna hiyo. Unaweza kuitazama siku nzima, ukavutiwa na rangi zake na michoro yake, na usijue kama itakufaa mpaka siku utakapoihitaji kwa kazi yenyewe. Ndiyo maana watengenezaji wake wana desturi ya kuitoa bure kwa muda, uijaribu, kisha ulipe au uiache. Na hapo ndipo penye swali ninalotaka tulitazame leo: muda huo wa bure uwe wa siku ngapi? Saba? Kumi na nne? Thelathini? Nani anayepanga, na anapanga kwa kufuata nini?

Yawezekana wengine mtasema hili ni jambo la vijana wa kompyuta. La hasha. Siku hizi duka la vifaa vya ujenzi lina programu ya stoo. Zahanati ina programu ya wagonjwa, shule ina ya alama za wanafunzi, na hata wakili wa ghorofa ya tatu ana ya kesi zake. Anayechagua vibaya ameuziwa mbuzi kwenye gunia, tena mbuzi huyu hulipiwa upya kila mwezi.

Tuanze na ilikotoka desturi yenyewe. Mwaka 1982 huko Marekani, mhariri mmoja aitwaye Andrew Fluegelman alitengeneza programu ya kuziunganisha kompyuta kwa njia ya simu, akaiita PC-Talk. Badala ya kuipeleka dukani, aliwaachia watu wainakili na kupeana, na ndani yake akaweka ombi: ukiridhika, nitumie dola 25. Mwaka huohuo Jim Knopf, aliyekuwa mfanyakazi wa IBM, alifanya karibu vivyo hivyo kwa programu yake ya kutunza orodha, PC-File, yeye akiomba dola 10 tu. Barua zenye fedha zilimjia kwa wingi hata akaacha kazi IBM. Mwaka 1983 akaja Bob Wallace, mmoja wa wafanyakazi wa mwanzo kabisa wa Microsoft, ambaye baada ya kuondoka huko alitoa PC-Write, programu ya kuandikia. Disketi yake ilikuwa dola 10. Aliyetaka kusajiliwa rasmi alilipa dola 75, akapata kitabu cha maelezo na msaada kwa simu. Aidha, aliyesajiliwa akimnakilia mwenzake, na huyo mwenzake naye akajisajili, yule wa kwanza alipata kamisheni ya dola 25.

Angalieni jambo moja katika mipango ya mabwana hawa watatu. Hakuna mahali siku zilipohesabiwa. Mteja aliambiwa alipe atakaporidhika, na kuridhika hakuna kalenda. Mmoja angeridhika siku ya pili, mwingine baada ya miezi minne. Hapana shaka wengi waliridhika milele bila kutuma hata senti. Lakini waliolipa walitosha kuwaweka wenye programu mjini.

Siku zilikuja baadaye, na zilikuja kwa upole. Wale waliotumia kompyuta katika miaka ya 1990 wanaikumbuka WinZip, programu ya kubana majalada yachukue nafasi ndogo. Ilikupa siku 21 za kuitathmini. Zikiisha haikufunga mlango, ilikuonyesha tu kila mara ulipoifungua kwamba umepitiliza, kama mwenye nyumba mstaarabu anayekusalimia kila asubuhi bila kutaja kodi. WinRAR, iliyotokana na kazi ya Mrusi Eugene Roshal, ilitangaza siku 40. Mpaka leo, baada ya siku 40, huendelea kufanya kazi huku ikikukumbusha kununua leseni. Nina hakika wapo wasikilizaji wangu ambao siku yao ya 40 ilipita miaka 15 iliyopita.

Wengine hawakutumia kalenda kabisa. Walikata bidhaa vipande, wakatoa kipande kimoja. Mchezo wa Doom, uliotolewa na kampuni ya id Software mwezi Desemba 1993, ulikuwa na sehemu tatu. Ya kwanza ilikuwa bure, icheze utakavyo na umpe umtakaye, na aliyenogewa alituma fedha apate mbili zilizobaki. Hiyo ndiyo njia ya muuza machungwa anayemenya moja akakukatia kipande. Anajua kipande hicho kina utamu uleule wa fungu zima.

Sisi wa redio tuliionja njia nyingine, nayo ilikuwa na vituko. Kulikuwa na programu ya kuhariri sauti iliyoitwa Cool Edit, ambayo ilipendwa sana na watangazaji wa enzi hizo. Toleo lake la majaribio la mwaka 1996 lilikuwa na kila kitu ndani, lakini kila ulipoifungua lilikutaka uchague makundi mawili tu ya kazi utakazofanya safari hiyo. Kuhifadhi ulichotengeneza lilikuwa kundi mojawapo. Kwa hiyo ulichagua kuhifadhi, kisha ukabakiwa na chaguo moja: kuongeza sauti, au kusafisha mvumo, au jingine. Ukitaka la pili, unafunga, unafungua upya, unachagua tena. Kazi ya dakika kumi ilikuwa ya saa nzima. Lakini kazi ilikamilika na ilikwenda hewani, na aliyechoshwa na kufunga na kufungua alijua bila kuambiwa kwamba wakati wa kulipa umefika. Mwaka 2003 Adobe waliinunua programu hiyo, wakaibadili jina ikawa Audition. Kwa miaka mingi Adobe walitoa siku 30 za majaribio kwa programu zao. Leo wanatoa siku 7, na mwanzoni kabisa wanataka namba ya kadi yako ya benki.

Kutoka 30 hadi 7. Kwa nini?

Hapa inabidi tumtendee haki muuzaji, maana naye ana sababu, tena sababu iliyopimwa. Watafiti Hema Yoganarasimhan, Ebrahim Barzegary na Abhishek Pani walichapisha katika jarida la Management Science matokeo ya jaribio kubwa lililofanywa kwa wateja wa kampuni moja ya programu. Wateja waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine walipewa siku 7, wengine 14, wengine 30. Kampuni ilikuwa imezoea kutoa 30. Ilionekana kwamba kama kila mtu angepewa siku 7, idadi ya wanaojiandikisha kulipa ingepanda kwa karibu asilimia 5.6 kuliko ilivyokuwa kwa siku 30.

Ajabu hii ina maelezo ya kawaida kabisa. Mtu akipewa siku 30 huichezea programu siku tatu nne za mwanzo, kisha huiweka pembeni. Siku ya 30 inapofika ameshaisahau, na mtu halipii alichokisahau. Mwingine alikuwa na kazi moja tu, kadi ya harusi pengine. Ameimaliza ndani ya siku hizo za bure, shida imekwisha, akulipe kwa lipi? Mwenye siku 7 huambiwa chagua wakati bado moto wa upya unawaka. Watafiti haohao waliona vilevile kwamba watu hawalingani: wanaoanza kujifunza waliitikia zaidi muda mfupi, na wenye uzoefu waliitikia zaidi muda mrefu.

Sasa, kampuni imeuliza swali lake na imepata jibu lake. Swali lake lilikuwa: siku ngapi zitaniletea wateja wengi wanaolipa? Ni swali halali kwa mwenye biashara. Lakini swali la mteja ni jingine: siku ngapi zitanitosha kujua? Ukizisoma takwimu zile kwa jicho la mteja, zinatisha kidogo. Zinasema kwamba anayeanza, ambaye ndiye asiyejua, ndiye anayelipa kwa urahisi zaidi akinyimwa muda wa kujua.

Hebu tuchukue mfano wa hapa kwetu na tarehe zake. Mama mmoja ninayemfahamu ana duka la vifaa vya ujenzi, na amesajiliwa kulipa VAT. Chukulia anaingiza programu ya uhasibu katika kompyuta yake tarehe 5 Machi, ya majaribio ya siku 30, ambazo kwa viwango vya leo ni ukarimu. Siku ya 30 ni tarehe 3 Aprili. Ritani ya VAT ya mwezi Machi inatakiwa iwe imewasilishwa Mamlaka ya Mapato kabla ya kupita tarehe 20 Aprili. Maana yake programu inafungwa siku 17 kabla ya mwisho wa kazi ambayo hasa ndiyo aliitafutia programu. Mama huyu atakuwa ameandika mauzo, ameandika manunuzi, amefurahishwa na kitufe cha kijani. Lakini kama hesabu ya VAT inatoka sawa, kama inalingana na ripoti za mashine ya EFD, kama mhasibu wake anaweza kuisoma, hayo hajayaona hata mara moja. Kama alipewa siku 14, zilikwisha tarehe 18 Machi. Kama ni 7, tarehe 11. Siku saba za programu ya uhasibu ni kama kumwajiri mpishi wa shughuli kwa kumwona akichambua mchele.

Na programu ya mishahara? Mishahara hulipwa mwisho wa mwezi, na kodi ya mapato ya wafanyakazi, ile PAYE, hupelekwa kabla ya tarehe 7 ya mwezi unaofuata kupita. Programu ya alama za shule haijajaribiwa mpaka mtihani wa muhula umesahihishwa, wastani umepigwa, na ripoti zimechapwa kwa ajili ya wazazi ambao wamekwisha kuja na wamekaa kwenye mabenchi. Mwalimu aliyeijaribu Februari kwa wiki mbili ameijaribu kwa kuandika majina ya watoto, basi.

Kwa hiyo jibu langu, na ni maoni yangu, ni hili: kipindi cha majaribio kipimwe kwa mzunguko mmoja kamili wa kazi ambayo programu inadai kuifanya. Programu ya kupunguza ukubwa wa picha inamaliza mzunguko wake kwa nusu saa, na siku 7 kwake ni nyingi mno. Sina ugomvi na anayetoa siku 7 kwa programu ya namna hiyo. Ya kuandikia barua, wiki inatosha. Ya uhasibu ipewe siku 60, na mteja ashauriwe kuianza mwanzoni mwa mwezi. Akianza tarehe 1 Machi, siku ya 60 inaangukia tarehe 29 Aprili, ritani imekwisha kwenda, amepata siku tisa za kutafakari kabla ya kutoa fedha. Ya shule ipewe muhula.

Tunawapa wafanyakazi wapya miezi mitatu, pengine sita ya majaribio kabla ya kuwathibitisha, na hakuna mwajiri anayeona ajabu. Karani wa stoo tunamchunguza hivyo. Halafu daftari lote la stoo tunalikabidhi kwa kitu tulichokiona kwa wiki moja!

Lakini siku zenyewe ni zipi? Hapa napo pana mtego. Programu nyingi huhesabu siku za kalenda. Saa huanza kugonga dakika ile unapoiingiza, na haijali kama umeifungua au hukuifungua. Huko ilikotengenezwa labda si neno. Kwetu, siku ya kwanza umeiingiza jioni, ya pili umeme umekatika tangu asubuhi, ya tatu kifurushi cha intaneti kimekwisha na programu haifunguki bila intaneti, ya nne ni msiba mtaani na duka limefungwa, ya tano ni Jumapili. Katika siku saba umepata mbili za kazi, na katika mbili hizo moja imekwenda kutafuta namna ya kubadili fedha kutoka dola kuwa shilingi kwenye ankara.

Dawa yake ipo na si ngumu. Kuna programu iitwayo Beyond Compare, ya kulinganisha majalada mawili na kuonyesha yanapotofautiana. Majaribio yake ni ya siku 30, lakini huhesabu zile siku ulizoifungua na kuitumia tu. Usipoifungua, siku haikatwi. Anayeitumia mara mbili kwa wiki ana wiki 15 za kuifahamu. Sijui kwa nini jambo rahisi namna hii halijawa desturi ya wote. Ni sawasawa na LUKU: ukizima taa, uniti zako hazisogei.

Kulikuwa na wengine waliohesabu kwa saa, na hao walitupa kichekesho kizuri. Kampuni ya AOL ya Marekani, iliyowaunganisha watu na intaneti, ilisambaza santuri zake kwa mamilioni. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 baadhi yake ziliandikwa kwamba mteja mpya anapata saa 1,000 bure. Elfu moja! Ila sharti lilikuwa zitumike ndani ya siku 45. Gawanya mwenyewe. Ni zaidi ya saa 22 kila siku, ukibakiwa na chini ya saa mbili za kulala, kula na kuoga.

Turudi kwenye duka la yule mama, maana sijamaliza habari yake. Yeye na kijana wake walitumia jioni kumi na mbili kuingiza bidhaa moja baada ya nyingine: misumari ya inchi mbili, ya inchi tatu, ya inchi nne, bati za geji 28, bati za geji 30, rangi za kila kopo. Bidhaa zaidi ya 600, kila moja na bei yake ya kununulia na ya kuuzia. Muda wa majaribio ulikuwa wiki mbili. Siku zilipokwisha skrini ilimwambia alipe. Yeye alikuwa bado hajaamua, na katika siku hizo mbili za kazi alizobakiza baada ya kuingiza bidhaa alikuwa amegundua kwamba programu haijui kuuza nusu ya bati wala mita za nondo. Akasema basi, nipeni orodha yangu niende. Orodha haikutoka. Kitufe cha kutoa kumbukumbu kilikuwa kimefungwa pamoja na vingine. Aliandika kwa kampuni, akajibiwa kwa adabu kwamba atakapolipa mwezi mmoja tu ataweza kuitoa.

Alilipa. Hakuilipia programu, alikomboa jioni zake kumi na mbili.

Hili kwangu ni zito kuliko idadi ya siku. Muda wa majaribio ukiisha, kampuni ina haki ya kufunga programu yake, ni mali yake. Haina haki ya kufungia ndani jasho la mteja. Hata fundi cherehani anayekudai hupaswi kumwona akivaa kitambaa chako. Programu ya uaminifu, siku ya mwisho ikifika, inazuia kuandika mapya lakini inakuruhusu kusoma na kuyatoa yaliyomo katika jalada la kawaida ambalo programu nyingine yoyote italifungua. Na mnunuzi mwerevu huijaribu njia ya kutokea siku ya kwanza, kabla hajaingiza hata msumari mmoja: ingiza bidhaa tatu, zitoe, zione zimetoka. Kama hazitoki, siku ulizopewa, ziwe 7 au 70, si zako.

Jambo la kadi ya benki nalipitia upesi. Kuna majaribio yanayotaka kadi mwanzoni, na usipokataa kabla ya siku ya mwisho unakatwa bila kuulizwa tena. Hapo ufupi wa muda hugeuka kuwa wavu, maana siku saba husahaulika kirahisi na dola huondoka usiku. Tangu Aprili 2020 kampuni ya Visa imewataka wafanyabiashara wa namna hiyo wamtumie mteja kumbusho walau siku 7 kabla ya kumkata, pamoja na njia ya kujitoa mtandaoni. Wamarekani walitaka kwenda mbali zaidi. Oktoba 2024 tume yao ya biashara, FTC, ilipitisha kanuni kwamba kujitoa kuwe rahisi kama kujiunga, lakini Julai 2025 mahakama ya rufaa iliitengua kabla haijaanza kutumika kikamilifu. Mwenye kadi ya benki ya Dar es Salaam asisubiri kuokolewa na mahakama ya huko. Kama programu inataka kadi kabla hujaiona, jiandikie tarehe ya kujitoa kwenye kalenda ya ukutani, siku mbili kabla.

Sasa nimsikilize na kijana wetu. Wapo vijana hapa nchini wanaotengeneza programu za maduka, za famasi, za vikoba. Nilipozungumza na mmoja wao kuhusu siku 60 alicheka, akaniambia: "Mzee, ukinipa siku 60 za kumpa mteja wa Tanzania, siku ya 59 ananiambia kompyuta imekufa, anaomba nyingine." Na si mzaha. Sote tunaifahamu ile mbinu ya kurudisha nyuma tarehe ya kompyuta ili programu idhani bado ni mwezi uliopita. Wapo waliokaa mwaka mzima wakiishi katika mwezi mmoja wa Juni, na ankara zao zote zina tarehe ya uongo. Kuna na zile programu zinazouzwa zikiwa zimevunjwa kufuli, kwa bei ya soda, pamoja na virusi vyake kama nyongeza. Kijana aliyekesha mwaka mzima akitengeneza kitu chake ana haki ya kuogopa.

Lakini hofu yake inaponywa na kupima kwa kazi. Badala ya siku, mwambie mteja: programu ni yako bure mpaka umefunga mwezi mmoja wa hesabu na kutoa ritani moja. Mwezi wa pili unalipa. Mwezi uliofungwa hauwezi kurudishwa nyuma kwa kubadili saa ya kompyuta, kwa sababu namba za ankara zinafuatana na zimo ndani. Au mpe ankara 200 za bure, azitumie kwa wiki moja au kwa miezi mitatu. Duka linaloenda mbio litalipa mapema, na hilo ndilo lenye fedha. Duka dogo litachelewa, nalo lisingelipa siku ya saba hata ungelifungia. Tena aliyefunga mwezi mzima ndani ya programu yako, ikatoka sawa, hasumbuki kuhama. Wale watafiti walisema mteja wa siku 30 husahau kwa sababu alikaa bila kuigusa. Mteja aliyefungwa kwenye kazi hana nafasi ya kusahau, kila ankara inamkumbusha.

Wapo wanaofanya biashara kwa ukarimu na hawajafilisika. Watangazaji wenzangu wengi leo wanahariri sauti kwa Reaper, ya Justin Frankel, yuleyule aliyetengeneza Winamp. Majaribio yake ni siku 60, kila kitu kipo wazi, na baada ya hapo haijifungi, hukuomba tu ununue. Leseni ya mtu binafsi ni dola 60. Dola moja kwa kila siku uliyojaribu, ukipenda kuihesabu hivyo.

Yule mama wa vifaa vya ujenzi amepata programu nyingine, ya kijana wa hapahapa mjini. Safari hii hakuuliza siku. Alimwambia kijana alete programu tarehe 1, aandike mauzo yote humo na kwenye daftari pia, na fedha atazichukua tarehe 21 ya mwezi unaofuata kama daftari na kompyuta vimelingana. Kijana alisitasita, akauliza kama visipolingana kwa sababu daftari ndilo lililokosewa itakuwaje. Wamekubaliana mhasibu ndiye ataamua. Nusu ya bati tayari inauzika. Mita za nondo, kijana anasema, ni wiki ijayo.